Bondia na Kijiko cha Dawa

Katika karakana ile ya makochi, kazi ilikwenda kwa maneno matatu tu. Baba akisema "Shika!", shangazi aliikamata fremu ya mbao akaibana kwa magoti. Akisema "Vuta!", shangazi alilivuta lile ganda la ngozi bandia kwa mikono yote miwili mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Akisema "Gonga!", nyundo ililia ko, ko, ko, na msumari ukazama kwenye mbao. Shika, vuta, gonga. Kutwa nzima ilikuwa hivyo, na kochi lililoingia pale likiwa limechanika, springi nje nje, lilitoka limenyooka na kung'aa.

Aliyekaa na mkebe wa misumari wakati wa likizo alikuwa binti wa nyumba hiyo, msichana wa darasa la sita. Alikuwa mrefu, mwembamba, na ulimi wake ulichoma. Basi baba akambandika jina la Msumari, na jina likamganda.

Mdogo wake waliyemwita Bondia alikuwa na miaka miwili na kidogo. Mama alisema alizaliwa amekunja ngumi, na hajazikunjua mpaka leo. Ukimnyima kitu, unapigwa. Ukimpa kitu asichotaka, unapigwa pia. Kutwa alitambaa chini ya meza ya kukatia vitambaa, akiburuta sungura wake aliyeshonwa na shangazi kwa mabaki ya makochi, sikio moja jekundu na jingine la kijani. Akichoka, alimwendea Msumari tu, akamshika sketi na kusema, "Daa, gongo." Maana yake, Dada, nibebe mgongoni. Hapo ngumi zilikunjuka, na akalala fofofo.

Lakini asubuhi hiyo chini ya meza palikuwa kimya. Bondia alilala kwenye godoro dogo karibu na cherehani, macho mekundu, mwili unawaka. Alikohoa kikohozi kikavu, na kila alipovuta pumzi mbavu zake zilionekana.

Mama alikuwa mlangoni amevaa sare ya kiwanda cha mikate. Jana alimpeleka mtoto zahanati, akaambiwa kifua kimeanza kushikwa na nimonia, akapewa chupa ya dawa ya maji ya rangi ya waridi.

"Asubuhi, mchana na jioni," mama alisema. "Asikose hata mara moja. Muuguzi amenionya, akikosa dawa kifua kitamzidi. Na mwende naye polepole, jana amenitemea yote usoni."

"Mama Msumari, nenda kazini," baba akamjibu huku akifunga aproni. "Miaka yote hii nimeshindwa na kochi gani? Itakuwa katoto haka?"

Mama aliangalia saa, akambusu Bondia kwenye paji la uso, akaondoka mbio. Ungemwona usoni ungejua moyo wake umebaki pale pale kwenye godoro.

Baba alitikisa chupa, akapiga makofi mawili kama afanyavyo kabla ya kazi ngumu. "Haya, jamani. Kazi ni ile ile. Dada yangu, kichwa. Mimi miguu. Msumari, kijiko. Shika!"

Wakamzungushia shuka mpaka kidevuni, wakamlaza chali juu ya meza ya kukatia vitambaa. Bondia alitoa macho. Alimtazama baba, akamtazama shangazi, akakiona kijiko, na hapo akaelewa. Lo! Yule mtoto mgonjwa, aliyekuwa hawezi hata kuinua kichwa, alipata nguvu sijui kutoka wapi. Mguu mmoja ulichomoka kwenye shuka ukampata baba mdomoni, pwaa! Damu ikamtoka mdomo wa chini.

"Ala! Mtoto huyu!" Baba akaukamata mguu akaubana juu ya meza.

"Fungua mdomo, wewe!" shangazi alifoka, akimkamata taya. "Msumari, mimina!"

Msumari alimimina. Bondia alitikisa kichwa, na nusu ya kijiko ikamwingia shangazi kwenye jicho. Nusu iliyobaki ilifika mdomoni, ikakaa huko kidogo, kisha ikarudi kwa kishindo, fyuuu, ikampaka Msumari kuanzia puani hadi kifuani.

"Mara ya pili!" baba akaamuru. Sasa alikuwa amekasirika kweli. "Dada yangu, bana pua. Akikosa hewa ataufungua mdomo mwenyewe."

Shangazi akaibana pua. Uso wa Bondia ulibadilika ukawa mwekundu, halafu wa zambarau, na mdomo ukafunguka kwa kilio kimoja kirefu. Msumari akaingiza kijiko mpaka meno yakagonga chuma. Bondia akayafunga yale meno, lakini hakuyafunga kwenye kijiko. Aliyafunga kwenye kidole cha dada yake.

"Mama yangu weee!" Msumari alipiga ukelele. Bila kufikiri, mkono wake mwingine uliinuka, ukampiga mdogo wake kofi la shavu. Kofi lililia karakana nzima.

Bondia hakulia mara moja. Alimwangalia Daa wake kwa mshangao, mdomo wazi, kana kwamba hakumfahamu. Kisha kilio kikaja, na nyuma ya kilio yakaja matapishi, na ndani ya matapishi ilikuwemo dawa yote.

"Kiasi kimeingia," baba akasema akijifuta damu. Hakuna aliyembishia, ingawa wote waliona kwamba aliyekunywa dawa ni shuka.

Mchana ulikuwa mbaya zaidi. Bondia alikuwa hana nguvu za kula wala kucheza, lakini aliposikia chupa ikitikiswa tu, aliporomoka kutoka kwenye godoro, akatambaa mpaka chini ya kochi bovu lililokuwa linasubiri matengenezo, akajisokomeza ndani kabisa, katikati ya springi.

"Toka!" shangazi alifoka, akigonga mbao kwa fimbo ya kupimia.

"Mtoe, Msumari. Wewe ni mwembamba," baba akasema.

Msumari alilala kifudifudi, akaingiza mkono. Kidole chake kilikuwa kimefungwa kitambaa, na bado kilikuwa kinamwuma, na hasira ilikuwa haijampungua. Kwa nini huyu mtoto asielewe? Si ni kwa faida yake? Akaushika mguu mmoja akauvuta. Bondia alijikamata kwenye springi, akapiga mateke, akalia, akakohoa. Msumari akavuta kwa nguvu zaidi, kama wavutavyo ganda la kochi, na mtoto akatoka kwa ghafla. Ncha ya msumari wa zamani iliyochomoza kwenye ile fremu ikamchana kwenye paji la uso. Damu ikatiririka kwenye nyusi.

"Si kitu, mchubuko tu," shangazi akasema, akaukandamiza kwa kipande cha kitambaa. "Tumalize kazi. Bana pua."

Wakaibana. Wakamimina. Akatema. Wakampiga mapajani ili atulie, na jinsi walivyompiga ndivyo alivyozidi kurusha ngumi. Mwisho wa vita wote wanne walikuwa wameloa jasho na dawa ya waridi, na chupa ilikuwa imepungua sana, na mtoto alikuwa hajameza kitu.

Alasiri baba na shangazi walitakiwa kumpelekea mteja kochi lake kwa mkokoteni, mtaa wa pili. Kabla ya kutoka, baba aligusa kifua cha Bondia. Kilikuwa kinapanda na kushuka haraka haraka. Baba akakunja uso.

"Tukichelewa kurudi, mpe dawa wewe," alimwambia Msumari. "Safari hii lazima imwingie, unanielewa? Ikishindikana, bana pua usimwachie mpaka ameze."

"Peke yangu, baba?"

"Kwani kijiko kina uzito gani? Umetuona tunavyofanya."

Wakaenda. Msumari alikaa akimsikiliza mdogo wake anavyokoroma. Ile hasira ilikuwa imetoka, na mahali pake iliingia hofu. Hofu, nikuambie ukweli, ni mbaya kuliko hasira, maana ukiwa na hofu unaona kila unalofanya ni halali. Alijiambia, asipokunywa dawa atakufa, na akifa ni mimi niliyeshindwa. Jua lilipoinama akapiga moyo konde, akamimina dawa kwenye kijiko, akakiweka karibu.

"Bondia, meza tu. Meza mara moja, basi."

Bondia akafumba mdomo akageukia ukutani.

Msumari alimgeuza. Alimkalia, akaibana mikono yake midogo chini ya magoti yake. "Meza! Nitakupiga!" Akamshika pua kwa vidole viwili, akabana kama koleo. Bondia alijinyonga kushoto na kulia, akajaribu kumng'ata, akashindwa, akafungua mdomo apate hewa. Msumari akamwaga kijiko chote kooni, wakati ule ule mtoto alipovuta pumzi.

Kikohozi kimoja, halafu basi. Hakukuwa na kilio tena. Macho ya Bondia yalitoka, mdomo ukabaki wazi bila sauti, midomo ikaanza kuwa ya bluu. Ile mikono iliyokuwa ikipigana chini ya magoti yake ililegea.

"Bondia? Bondia!"

Akili zikamruka Msumari. Akamwinua, akamwinamisha kichwa chini juu ya mkono wake, akampiga mgongoni, mara ya kwanza, mara ya pili, akipiga huku akilia. "Pumua! Nakuomba, pumua! Sitakulazimisha tena!" Akampiga tena. Povu la waridi lilimtoka mtoto mdomoni na puani, likafuatiwa na mfoko wa kikohozi, na mwisho pumzi ikaingia, pumzi yenye mluzi mwembamba, hiiii, hiiii.

Msumari hakungoja. Alimkumbatia, akatoka mbio bila viatu, akiacha mlango wa karakana wazi. Kwenye kona alikutana na baba na shangazi wanarudi na mkokoteni mtupu. Baba alimwona tu mtoto, akauachia mkokoteni katikati ya njia, akampokea mikononi, na wote watatu wakakimbia hadi zahanati iliyokuwa mwisho wa mtaa.

Muuguzi alikuwa mama mnene mwenye miwani inayoning'inia kifuani. Hakupoteza wakati. Alimweka Bondia wima, akamvalisha kifuniko cha hewa ya oksijeni, akasikiliza kifua mbele na nyuma. Aliona ule mchubuko wa paji la uso. Aliona alama za vidole shavuni. Alingoja mpaka pumzi ya mtoto ilipotulia kidogo. Ndipo akawageukia.

"Kimetokea nini?"

Baba alifungua mdomo, lakini shangazi akamwahi. "Amepaliwa na uji, muuguzi. Unajua watoto, anakunywa huku anacheza."

"Na dawa? Anakunywa?"

"Vizuri kabisa. Anameza yote."

Muuguzi akavaa miwani, akatikisa kichwa polepole. "Kama anameza yote na hali ndiyo hii, basi dawa hiyo imeshindwa kazi. Itabidi nimpe barua aende hospitali kubwa, alazwe, achomwe sindano za dawa kali zaidi." Akavuta kalamu.

Msumari alisimama nyuma ya mlango, miguu peku. Alijua akisema, baba ataaibika mbele ya watu. Alijua shangazi hatamwachia. Juu ya yote alijua kwamba atalazimika kutamka kwa mdomo wake mwenyewe kwamba nusura amuue mdogo wake. Lakini Bondia alikuwa pale, mbavu zake zinapanda na kushuka chini ya mikono ya mtu ambaye hajui ukweli.

"Si uji," akasema.

"We mtoto!" shangazi akamkata jicho.

"Si uji, muuguzi. Ni dawa. Nilimkalia, nikambana pua, nikaimwaga. Ikaingia vibaya. Na kofi hilo la shavuni ni langu. Na dawa hajameza. Jana alitema, asubuhi alitapika, mchana alitema. Hajameza hata mara moja. Tafadhali usimpe dawa nyingine kwa sababu ya uwongo."

Kalamu ilisimama. Shangazi akaangalia sakafu. Baba alipumua kwa nguvu, kisha akasogea akaweka mkono wake mkubwa wenye alama za gundi begani kwa binti yake.

"Ni kweli tupu," akasema kwa sauti nzito. "Na mimi ndiye niliyemfundisha. Mimi ndiye niliyesema pua ibanwe."

Muuguzi aliiweka kalamu chini. "Afadhali mmesema. Kwa hiyo dawa haijashindwa, dawa haijafika." Akamwangalia baba moja kwa moja. "Fundi, ukimbana mtoto pua, anafungua mdomo ili avute hewa. Sasa ukimwaga maji wakati anavuta hewa, yanakwenda wapi? Tumboni?"

"Kifuani," baba akajibu chini chini.

"Kifua kile kile kinachoumwa. Dakika chache zaidi, tungekuwa tunazungumza mengine hapa."

Msumari aliziba uso kwa mikono. Muuguzi akamvuta karibu. "Wewe njoo. Kulia baadaye, sasa tazama." Alichukua bomba la plastiki la kupimia dawa, kama lile la sindano lakini halina chuma cha kuchomea. Akamketisha Bondia wima mapajani mwa baba, akasubiri amalize kukohoa. Kisha akaingiza ncha ya bomba pembeni, ndani ya shavu, akasukuma matone machache, akangoja. Bondia alikunja uso, akameza. Muuguzi akasukuma tena kidogo, akangoja tena.

"Siku zote akae wima, msimlaze kabisa. Dawa iingie kwenye shavu, si kooni. Kidogo kidogo, na kila mara mngoje ameze. Msimdanganye kwamba ni peremende, maana siku moja atajinywea chupa nzima. Mwambieni ni chungu na itaisha. Akitapika yote, njooni mniulize kabla ya kurudia. Na ngumi zote mziache nyumbani kwa makochi."

"Ngumi ni zake, muuguzi," baba akasema huku akigusa mdomo wake uliovimba, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mtu alicheka kidogo.

Mama alifika kutoka kazini akiwa na unga kwenye nywele, akakesha na mtoto pale zahanati. Asubuhi walirudi nyumbani na chupa mpya ya dawa na lile bomba, pumzi ya Bondia imetulia, homa imeshuka. Msumari alikimbilia mlangoni na mikono wazi.

"Bondia! Njoo gongo!"

Bondia alimwona. Akaficha uso kwenye shingo ya mama, akashika nguo yake kwa ngumi zote mbili, akaanza kulia.

Hilo lilimwuma Msumari kuliko meno. Alijirudisha nyuma, akaenda kukaa na mkebe wake wa misumari. Mama alipokwenda kazini, Msumari alisikia mlio chini ya meza, pu, pu, pu. Akainama.

Bondia alikuwa amemkalia yule sungura. Amembana pua kwa vidole viwili, na kwa mkono mwingine alikuwa anampiga makofi ya uso. "Meza!" alikuwa anamwambia kwa sauti yake iliyokwaruza. "Meza! Takupiga!"

Msumari alirudi nyuma. Ile ilikuwa sauti yake mwenyewe, maneno yake mwenyewe, hata koleo ya vidole vyake. Alitoka nje, akakaa kwenye ngazi, akalia kweli kweli.

Baba alikuwa uani, ametandaza ganda jipya la ngozi bandia juani. Alilipapasa, akaliacha, akalipapasa tena.

"Baba," Msumari akasema huku akifuta machozi, "mbona hulivuti? Fremu iko tayari."

"Hili? Bado lina ubaridi. Nikilivuta sasa litachanika pembeni. Nalingoja lilegee, kisha litakuja lenyewe mpaka..." Baba akanyamaza katikati ya sentensi. Alilitazama lile ganda, akamtazama binti yake, akajikuna kichwa. "Toba! Tangu nianze ufundi sijawahi kulivuta ganda likiwa na baridi. Kochi la watu nalingoja, mwanangu mwenyewe nikashindwa kumngoja."

Msumari alisimama. Mchana ulikuwa unakaribia, na pamoja nao dawa. Alichukua lile bomba la muuguzi na kikombe cha maji safi, akaingia karakana, akaketi sakafuni mbali kidogo na meza. Hakumwita mtu. Alivuta maji kwa bomba, akayarusha juu, chiii! Akavuta tena, chiii!

Kichwa kilichochomoza chini ya meza kilikuwa na bandeji kwenye paji la uso. Bondia alitazama kwa muda mrefu. Mwishowe alitoka, sungura mkononi, akasimama mbali na mkono wa dada yake.

"Taka," akasema.

Msumari akaliweka bomba sakafuni, akarudisha mikono yake nyuma. Bondia alilinyakua. Alimrushia maji sungura. Alimrushia shangazi, akampata kwenye cherehani. Shangazi alifumbua mdomo afoke, akakutana na macho ya baba aliyekuwa ameingia kutoka uani, akaufunga. "Asante, daktari," akasema kwa shida. Baba akapiga magoti kwa hiari yake, akafungua mdomo. Bondia akamjaza maji mpaka yakammwagikia kidevuni, akacheka, kicheko kilichokatwa na kikohozi.

"Sasa zamu ya Bondia," Msumari akasema taratibu. Aliitikisa chupa mbele yake waziwazi. Kicheko kikafa. Ngumi zikakunjwa. "Ndiyo, ni dawa. Ni chungu. Itaisha. Sikubani pua. Daa hatakubana tena. Utaishika mwenyewe, mimi nitakusaidia tu."

Baba, bila kukusudia, alinyoosha mikono amshike mtoto miguu. Akashtuka, akairudisha, akaikalia.

Wakangoja. Ganda likaendelea kulegea juani. Bondia alilishika bomba lenye dawa kwa mikono yake miwili, Msumari akaielekeza ncha pembeni mwa shavu, wakasukuma matone. Bondia alikunja uso wote. Kisha akaikunja ngumi, akamtandika dada yake puani, puu!

Machozi yalimtoka Msumari, lakini mkono wake haukuinuka. "Pole," akasema. "Najua ni chungu. Umemeza?"

Bondia alimtazama, akingoja kofi. Kofi halikuja. Akangoja tena kidogo kuhakikisha. Halafu, kooni mwake, wote walikiona kile kitu kikishuka: glup.

"Amemeza!" baba akanong'ona, kama mtu anayeogopa kuamsha nyumba nzima.

Wakasukuma tena, wakangoja tena. Ilichukua muda mrefu kuliko vita vyote vya jana, na dawa yote ikaingia. Hakuna tone lililomwagika sakafuni.

Walifanya hivyo hivyo asubuhi, mchana na jioni mpaka dawa ikaisha kama walivyoagizwa. Si kila mara ilikuwa rahisi. Siku moja alitema, siku nyingine alijificha. Lakini hakuna aliyemvuta mguu, na pua yake haikuguswa ila kwa kumfuta makamasi. Kikohozi kiliondoka, mbavu zikapotea tena chini ya nyama, na chini ya meza pakarudi kelele.

Siku ya mapumziko ya mama, baba aliwakusanya wote karakana. Shangazi alizima cherehani yake.

"Nina neno," baba akasema, akiipapasa nyundo. "Kwa mbao na misumari nguvu ni sawa. Lakini sisi tuliichukua kazi ya makochi tukaipeleka kwa mtoto mgonjwa, na tukakaribia kumpoteza. Dawa ni nusu ya matibabu, namna ya kuitoa ni nusu ya pili, na ukiwa hujui, uliza. Lingine ni hili: yule binti hapo ni mdogo kuliko sisi watu wazima tuliokuwa pale, lakini alisema ukweli wakati sisi tumefunga midomo. Bila ukweli ule muuguzi angebadilisha dawa ambayo mtoto hata hakuimeza. Msumari, ulikosea, nami nilikosea zaidi. Ila ulipolazimika kuchagua kati ya aibu na mdogo wako, ulimchagua mdogo wako."

Shangazi alikohoa, akasogeza kiti chake. "Nami ule uji wangu," akasema, "naomba usahauliwe." Mama akacheka mpaka akashika tumbo.

Msumari hakucheka. Alikuwa anasikiliza chini ya meza. Bondia alikuwa amemketisha sungura wima mapajani, akimwekea bomba tupu pembeni mwa shavu la kitambaa.

"Chungu," alikuwa anamwambia. "Taisha. Pole." Akangoja. Kisha akamwacha sungura sakafuni, akatambaa hadi kwenye mkebe wa misumari, akaikamata sketi ya dada yake.

"Daa," akasema. "Gongo."

Msumari akainama, na Bondia akapanda.